Chaguo la Kwanza la Daktari Antonia

Jumanne ile majina yalipotoka, Daktari Antonia Hhando ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kwamba amechaguliwa. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa koti, koti likiwa msumarini, na yeye mwenyewe alikuwa wodi ya wazazi akimshona mama aliyejifungua pacha. Alipotoka, saa nane mchana, alikuta amepigiwa mara tano na mtu mmoja: Luqman, mwenye duka la kuchapisha na intaneti karibu na soko la Karatu. Luqman ndiye aliyemsaidia kujaza fomu ya kuomba kusomea ubingwa.

Hakumpigia. Alitembea haraka mpaka dukani, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Hongera, dokta!" Luqman alipaza sauti kabla hajavuka mtaro. "Soda ya nani leo? Umepata, tena chaguo la kwanza! Wenzako wanalia huko."

Antonia alishika ukingo wa meza. "Chaguo la kwanza?"

"La kwanza kabisa. Hili hapa. Radiolojia."

Luqman aligeuza kompyuta amwonyeshe. Jina lake lilikuwepo, halijakosewa hata herufi, na mbele yake ile fani ambayo Antonia hakuitaka hata siku moja: ubingwa wa kusoma picha za mionzi. Chini kulikuwa na vitufe viwili. Nakubali. Sikubali, nirudishwe awamu ya pili. Halafu onyo kwa herufi nyekundu: mwisho Ijumaa saa kumi jioni, na anayekataa hatarudishiwa nafasi yake.

"Mbona huruki?" Luqman aliuliza. "Mimi ningekuwa nimeshapanda juu ya meza."

"Sikuitaka hiyo, kaka Luqman."

"Sasa kwa nini uliiweka ya kwanza?"

Ah, hapo ndipo penye hadithi, na hadithi yenyewe ilianzia mnadani, Antonia akiwa na miaka minane.

Baba yake, mzee Hhando wa Rhotia, alikuwa mkulima wa ngano na maharage, lakini roho yake ilikuwa kwenye mbuzi na kondoo. Siku ya mnada alimwamsha Antonia alfajiri, wakashuka pamoja, mtoto ameshika ncha ya shuka la baba ili asipotee. Harufu ya nyama choma, kengele za ng'ombe, Wamang'ati na Wamasai na Wairaqw wakibishana kwa Kiswahili cha kila namna, vumbi limesimama hewani kama ukungu. Hata leo Antonia akipita karibu na uwanja ule hupunguza mwendo bila kukusudia.

Na baba yake alikuwa na mbinu yake. Akimtaka mbuzi jike mdogo mweusi, hamwangalii kabisa. Anakwenda moja kwa moja kwa beberu mkubwa kuliko wote, anapapasa mgongo, anataja bei ya kuchekesha. Muuzaji anakataa. Mzee anasikitika, anageuka kuondoka, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo anasema, "Basi hata hako keusi?" Muuzaji, ambaye ameshamnyima mara moja, anaona haya kumnyima mara ya pili. Keusi kanakwenda Rhotia kwa bei nafuu.

"Mtu hanyimwi mara mbili," baba alimwambia njiani, akicheka peke yake.

Basi miaka ishirini na tano baadaye, mbele ya fomu yenye mistari mitatu, daktari mzima mwenye shahada alijaza kama mtu anayenunua mbuzi. Uzazi na magonjwa ya wanawake, fani aliyoililia kwa miaka, akaiweka ya pili. Nafasi kumi na mbili tu, waombaji zaidi ya mia. Ukionyesha unaitaka, alijiambia, utanyimwa. Juu yake akaweka radiolojia, iliyokuwa na nafasi nne. Watanikatalia hiyo, alifikiri, halafu wataona haya.

Lakini kompyuta haina haya. Ilisoma mstari wa kwanza, ikaona alama zake zinatosha, ikampa, ikafunga faili. Mstari wa pili haikuufikia.

Alirudi kazini akiwa na hesabu moja kichwani. Ruhusa ya mwajiri ameisubiri miaka mitatu, na barua imeandikwa wazi kwamba ni ya mwaka huu wa masomo tu. Akikubali, atakuwa bingwa wa picha, atakaa kwenye chumba chenye giza akitazama mifupa ya watu asiowajua. Akikataa na awamu ya pili ikamtupa, anarudi mwisho wa foleni, na foleni ile ni ndefu kuliko barabara ya kwenda Ziwa Natron.

Usiku na mchana aliwaza Digodigo.

Alifanya kazi kule miaka minne, ajira yake ya kwanza. Watu walimwonea huruma alipopangiwa huko, nyuma ya milima, barabara ya mawe na vumbi. Lakini jamani, asubuhi za Digodigo! Maji yakipita kwenye mifereji kuelekea mashambani, kila ukoo na zamu yake, na wanawake wakiitana toka shamba hadi shamba. Alilipwa ahsante kwa asali ndani ya chupa ya soda. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa kwa kuona tu moshi umechelewa kutoka. Wakati ule alilalamika kila siku: hakuna mtandao, hakuna mkate. Sasa anao mtandao na mkate, na angevitoa vyote apate asubuhi moja tu ya kule.

Na kule ndiko alikokutana na Nanyokie. Alikuwa msichana wa Kimasai kutoka upande wa Enguserosambu, mimba ya kwanza, uchungu wa siku ya pili. Kaka zake walimleta kwa pikipiki, amebanwa katikati. Antonia akaomba pikapu ya kanisa ampeleke hospitali kubwa, akapanda naye nyuma, amempakata kichwa. Gari likazama kwenye mchanga wa korongo, jua la mchana limesimama utosini. Dereva anachimba kwa mikono, Antonia anaomba Mungu kwa Kiiraqw, na mtoto akaamua hapo hapo. Akatoka amekasirika, akilia kama amedhulumiwa.

Walipokwisha kucheka na kulia, Nanyokie alimtazama. "Wewe daktari ya mama?"

"Hapana, mimi daktari wa kila kitu."

"Kila kitu mingi sana," Nanyokie alisema. "Wewe soma hii moja."

Alhamisi mchana Antonia alichukua bodaboda hadi Rhotia. Mzee Hhando alikuwa zizini akimkatia ndama majani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wangu. Mbona uso kama wa mtu aliyepigwa faini?"

Akamweleza. Fomu, mistari mitatu, beberu na kambuzi keusi. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea panga lake, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini.

"Baba, si kichekesho."

"Hebu niambie. Mnadani tunamficha muuzaji kwa sababu anatutazama machoni. Hiyo mashine ilikutazama machoni?"

"Hapana."

"Ilijua wewe ni mtoto wa nani?"

"Hapana, baba."

"Basi ulikuwa unamficha nani?"

Antonia aliokota majani akampa ndama. Ndama alimlamba mkono.

"Sasa nikatae?" aliuliza mwishowe.

"Mambo ya vyuo siyajui." Mzee hakuwa akicheka tena. "Kondoo usiyemtaka, ukimpeleka nyumbani, atakula majani yako kila siku. Hilo nalijua. Lakini nimewahi kurudi toka mnadani mikono mitupu, na mama yako hakunisemesha wiki nzima. Hilo nalo nalijua. Wewe ndiye utakayemchunga."

Wakanywa chai. Hakumpa jibu jingine, akamfungia na maharage kilo tano.

Ijumaa saa tisa na nusu, Luqman alikuwa amekaa mkono juu ya kipanya, jasho linamtoka kuliko mwenye shida.

"Dokta, hii nikibonyeza hairudi. Nasema tena, hairudi."

"Nimesikia. Bonyeza sikubali."

"Bonyeza mwenyewe! Mimi nina watoto, sitaki laana."

Antonia akanyoosha mkono, akabonyeza. Nafasi yake ikapotea palepale, na badala yake ikafunguka fomu ya awamu ya pili, mistari mitatu ileile. Kwenye mstari wa kwanza aliandika uzazi na magonjwa ya wanawake. Akasogeza kiti nyuma.

"Bado miwili," alisema Luqman. "Weka hata magonjwa ya watoto, ya akiba."

"Iache wazi."

"Dokta!"

"Ninataka hiyo moja, kaka Luqman. Iache hivyo."

Baada ya wiki mbili orodha ikatoka. Jina lake halikuwepo. Luqman, ambaye siku hiyo hakupiga simu bali alikuja mwenyewe hospitalini, alimwonyesha karatasi ya pili, ya wanaosubiri. Uzazi, namba mbili. Alikuwa ameileta imekunjwa, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Namba mbili si mbaya," alisema, akiangalia sakafu.

Siku zikaenda. Wenzake walimwonea huruma kwa sauti ya chini, wengine wakamcheka kwa sauti ya juu: amekataa radiolojia, huyu! Yeye akazalisha, akashona, akasaini mafaili. Jioni alipika maharage ya baba yake na kujaribu kukumbuka jina la kila mama wa Digodigo aliyempokelea mtoto. Alifika sitini na kitu, akachanganyikiwa, akaanza upya.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, koti lililokuwa msumarini lilianza kulia. Safari hii aliliwahi.

"Naongea na Daktari Hhando?" Sauti ya mwanamke, mchovu, makaratasi yakichakarika. "Napiga toka ofisi ya udahili. Wawili waliochaguliwa uzazi hawakuthibitisha. Nafasi imekufikia. Bado unaihitaji, au umeshapata kwingine?"

Mdomo wa Antonia ulikuwa tayari na jibu la mnadani. *Ngoja nifikirie kidogo.* Lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa.

"Naitaka," alisema. "Naitaka sana. Nimeitaka miaka mingi."

Upande wa pili yule mama akacheka. "Basi ni yako, mdogo wangu. Usilie. Leta barua ya mwajiri kabla ya Alhamisi."

"Silii," alisema Antonia, akijifuta kwa mkono wa koti.

Ndani, mama wa kitanda cha tano alikuwa anaita, njia imeshafunguka sentimita nane. Antonia akavaa glavu, akaingia.