Nafasi ya Thirza Penye Msalaba wa Mawe

Thirza Garside aliuza samaki wa moshi katika uwanja wa soko wa Aldersby, chini ya msalaba wa mawe, pale mama yake alipokuwa akiuza zamani. Mimi niliuza mayai pembeni yake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Alikuwa na mikono iliyopasuka kwa baridi, na kunong'ona hakukujua.

Maduka yakafungwa, mji ukapooza. Ndipo ukaundwa Ubia wa Mji: halmashauri, kanisa, wenye maduka na sisi wa sokoni. Tukapanda maua, tukapaka milango rangi. Thirza aliusugua ule msalaba mwenyewe mpaka ukatakata. Kisha mwenyekiti, Bwana Ormerod wa duka la mvinyo, akashika kipaza sauti mkutanoni: "Wageni hawaji kunusa uvundo." Thirza akasukumwa nyuma ya vyoo. Msalabani Ormerod akajipa kibanda cha kahawa.

"Utafanyaje, shoga?" nikamuuliza.

"Huyu nitakula naye sahani moja."

Sokoni kwetu, kengele ya saa mbili ikilia nafasi yako ikiwa tupu, siku hiyo ni ya yeyote atakayewahi. Asubuhi ya uzinduzi wa uwanja uliopambwa upya Ormerod alikuwa hotelini anastaftahi na wageni. Kengele ikalia, kibandani mwake hamna mtu.

"Shika turubai, we bibi, unashangaa nini!" Thirza akanifokea. Tukahamia msalabani.

Ormerod akaja mbio, tai imepinda. "Mama, toka hapo! Wageni wanakuja!"

"Mama yako yuko kwenu. Kengele hukuisikia?"

Akawageukia wauza mboga. Wote wakajitia kupanga karoti. Na wageni ndio hao, wameshaanza foleni ya samaki.

"Unataka nini basi?" akanong'ona.

"Kipaza sauti. Tamka uliyoyasema kuhusu samaki wangu, halafu uombe radhi."

Akayasema, jasho linamtoka.

"Sikusikia, mwenyekiti. Rudia."

Akarudia. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akajikaza, akataka samaki wawili ili yaishe. Thirza akamwekea viganjani hivyo hivyo, wanachuruzika mafuta.

"Hunifungii?"

"Karatasi ni za wateja wangu."

Akakata utepe kwa vidole vinavyoteleza, na hakuna mgeni aliyempa mkono. Jioni ileile Ubia ukakaa, ukamrudishia Thirza nafasi yake. Wapo waliosema alizidisha. Mimi nasema alimhurumia.