Mkalimani wa Banda la Video, Mirongo

Msinione nauza mihogo ya kukaanga mkadhani sijui sinema. Pale Mirongo, mlangoni kwa banda la video la Josephat, nilizisikia zote. Za vita zilikuwa za Mzee Ndalahwa. Yeye ndiye mkalimani: anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anawasemea Wazungu kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha tu, lakini mabomu aliyajua. Alipigana vita vya Kagera, akarudi na goti bovu. Hata hivyo kazini alisema walichotaka watu: steringi wa picha haogopi, risasi hazimpati, anaua kijiji kizima na sigara mdomoni. Banda linalipuka kwa makofi.

Mwanangu Pius hakukosa hata moja. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipouzwa wakamwachisha, na Jumapili moja akaniambia kesho anakwenda kwenye usaili wa jeshi. Mungu wangu! Sina mtoto mwingine mimi. Wapo wanaokwenda jeshini kwa akili zao, sikatai. Huyu wangu alikuwa anaifuata televisheni.

Nikamvuta Mzee Ndalahwa nyuma ya banda. "Mzee wangu, leo mwambie ukweli wa vita. Mimi hanisikii. Wewe anakuamini."

"Mama Pius, Josephat atanifukuza."

"Na akufukuze!" nilifoka, machozi yananitoka. Akaingia ndani.

Niliacha mihogo kwenye mafuta, nikasimama mlangoni. Kwenye televisheni askari akasimama wima katikati ya risasi, bunduki kiunoni, kifua wazi. Miluzi ikaanza. Mzee kimya. Josephat akamkazia macho.

"Sema, mzee!" watu wakapiga kelele.

Akasema. "Huyu mwongo. Mimi nililala kifudifudi kwenye migomba, nimejikojolea. Rafiki yangu Ngosha alikuwa pale karibu, utumbo nje, anamwita mama yake. Nilitaka kumfuata, miguu ikakataa. Akaita, akaita, mpaka akanyamaza."

Sauti ilimtetemeka. Banda likatulia kabisa. Nikasema moyoni, asante Mungu, imeingia.

Halafu mmoja akaangua kicheko. "Kajikojolea!" Wote wakafuata, wanagonga mabenchi, wanaangukiana mabegani. Josephat mwenyewe alikuwa anajifuta machozi. "Mzee, hiyo kali! Kesho uirudie!"

Ndalahwa alikiweka kipaza sauti chini taratibu. Akanipita pale mlangoni akichechemea, hakuniangalia. Mihogo ilikuwa inaungua na sikuijali.

Pius akatoka nyuma yake, kajishika mbavu. "Mama, umemsikia mzee? Kumbe jeshini kuna vituko hivyo! Nipigie pasi lile shati jeupe, basi. Kesho nawahi."