Mwalimu Tamar na Silabi ya Mwisho

Tamar alizaliwa Ngao, kwa wakulima wa mpunga wa kando ya mto Tana, na katika shule ya upili aliyofundisha karibu na Garsen ndiye peke yake aliyejua Kifaransa. Mvua za El Nino zilipoufurisha mto huo mwishoni mwa mwaka 1997, maji yaliingia darasani yakachukua redio na kanda zote za kusikiliza matamshi. Shule ilipofunguliwa, kilichobaki ni kinywa chake.

Kuyagawa maneno katika silabi wanafunzi waliweza: par-ler, ta-bleau. Shida ilikuwa mkazo. Ulimi wa Kiswahili umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kifaransa hukaza ya mwisho.

“A-NI-mal,” alisoma Darmi, binti wa wafugaji wa Kiorma, neno la Kifaransa la mnyama.

“Mwisho, mwanangu. Kaza mwisho.”

“Mwalimu, ulimi umekataa. Bora niliache somo hili.”

Jioni hiyo Tamar alisimama ukingoni akisubiri kuvuka, maana barabara ilikuwa bado imezama. Ng'ambo, mama mmoja alikuwa akimwita mwenye mtumbwi: “Ko-mo-RAAA!”

Tamar akashtuka. Watu wakizungumza, jina hilo ni Ko-MO-ra. Likirushwa juu ya maji, nguvu zote hukimbilia mwisho!

Kesho yake akawaleta wanafunzi ukingoni. “Haya, mwiteni mnyama wa Kifaransa avuke!”

Darmi, aliyekulia mbugani akiita ng'ombe, akapaza sauti: “A-ni-MAAAL!” Wakacheka mpaka Komora akaacha kupiga kafi.

Tamar hakucheka muda mrefu. “Sasa mnyama amekaribia, punguzeni sauti. Sasa yuko mlangoni.” Wiki baada ya wiki aliwapunguzia kelele, hata ukabaki mkazo mwororo tu. Kisha akawafundisha sentensi: “un petit ani-MAL”, mnyama mdogo, maneno yote yakienda pamoja, uzito ukitua mwishoni.

Mtihani wa mazungumzo ulipofika, mtahini mgeni aliketi na Darmi chumbani. Tamar alingoja nje, ameuma pindo la leso.

Darmi akatoka akitabasamu. “Mwalimu, ameniuliza niliishi nchi gani nikajifunza kusema hivi.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimemwambia sijawahi kwenda mbali kupita Malindi.”

Tamar akamkumbatia, machozi yakimtoka bila haya. Mwaka uliofuata, waliochagua Kifaransa walikuwa wengi hata wengine wakakalia matofali.