Bijou na Saa za Jua

Siku ya kwanza Muzee Baharanyi alipokuja kwangu mtaani Katoyi, hakuomba kazi, aliniwekea masharti. Alikuwa amesukuma chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, miaka ishirini, hadi magoti yakamkataa. Ndipo akanunua punda jike, Bijou. Mimi nauza maji kwa bidoni, yaani madumu, na nilihitaji mbebaji.

"Safari mbili kabla ya saa nne asubuhi, mbili kuanzia saa kumi," alisema. "Jua kali, Bijou anakaa kivulini."

"Papa, chukudu hailali mchana."

"Chukudu haina moyo, mama. Ilikula magoti yangu, yenyewe iko muzima."

Nikamvuta, akanivuta, tukapatana vile alivyotaka. Lakini kwangu mapatano ni mwanzo wa mapatano mengine.

Jumamosi ya arusi kwa Ramla, mteja wangu mkubwa, maji yaliisha saa sita mchana. Nilimbembeleza Baharanyi, nikamtania kwamba aliyechoka ni yeye, si punda. Akakubali safari moja, tukaenda wote. Kutoka ziwani tunakochota ni kupanda tu, juu ya mawe meusi ya volkano yanayochoma hadi ndani ya ndala.

Nusu ya njia Bijou akasimama. Nilidhani ni ukaidi, nikaokota fimbo.

"Acha!" Baharanyi aliweka kiganja ubavuni mwa punda. Pua zilikuwa zimetanuka, pumzi zinakimbizana. "Punda halalamiki. Akisimama hivi, ameshaungua ndani. Akianguka hapa, hainuki tena."

Akashusha mzigo, akamvuta kwenye kivuli cha ukuta, akafungua bidoni. Alimmwagia shingo na miguu, akayafuta maji kwa kiganja, akamwagia tena.

"Papa, hiyo ni maji ya Ramla!"

"Bibi arusi ataoga kesho."

Nilipiga hesabu haraka: punda mfu habebi kitu. Bidoni ya tatu niliifungua mwenyewe. Ya sita ilipoisha, pumzi zilitulia. Bijou akanywa, akatikisa masikio.

Ramla alinitukana kwenye simu, na sasa ananunua kwa jirani yangu. Ni hasara, siifichi. Baharanyi nilimjengea kibanda cha kivuli cha Bijou nyuma ya depo yangu ya maji, kwa sharti kwamba safari ya kwanza ianze saa kumi na mbili kamili asubuhi. Wateja wangu wanapata maji kabla ya chai, wenye chukudu bado wanakoroma. Mbolea ya punda nayo ni yangu, na lengalenga zangu, mchicha wa bustanini, zimenenepa. Muzee alidai fungu zima la mboga hizo kila Jumapili baada ya misa. Tukaishia nusu.