Mtoto Aliyenyamaza Kwenye Theluji

Iko Jumamosi moja ya Januari ambayo sijawahi kumsimulia mtu yote, mwanangu. Leo nakusimulia wewe kwa sababu nimekuona ukiwafunga wajukuu zangu skafu uwatoe wakacheze theluji. Kaa kidogo, theluji itakungoja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikisomea uuguzi hapa Birmingham. Mimi na Nduku, msichana wa Machakos niliyesoma naye, tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba moja ya mtaa wa Balsall Heath. Nduku alikuwa na binti wa miaka mitatu, Syombua. Zamu zetu tulizipishanisha ili mmoja wetu abaki na mtoto, na Jumamosi ile nilibaki mimi.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na watoto wa mtaa walikuwa bustanini wakiteleza juu ya trei na mbao. Nami nikaona nisishindwe. Nikafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye karai la bati la kufulia, nikamketisha Syombua ndani na koti lake na gumbuti zake, nikaanza kuvuta. Tulicheka, nakwambia. Nilimfundisha kufinyanga theluji, akanirushia, akakosa, akacheka mpaka akapaliwa. Kisha nikamrudisha kwenye karai nikavuta tena, hadi jasho likanitoka nikafungua vifungo vya koti langu.

Baadaye akasema, "Auntie, baridi."

Glavu zake za sufu zilikuwa zimelowa. "Jikaze," nikamwambia, "tuzunguke mara moja tu." Nilikolelewa mimi, mtoto aliyelialia aliambiwa ajikaze, na aliyenyamaza alisifiwa. Akalalamika tena, nikamwambia vilevile. Baada ya hapo hakusema kitu, nami nikamsifu bila hata kugeuka. Nikaendelea kuvuta huku naimba.

Nilipogeuka, kichwa chake kilikuwa kimelalia ukingo wa karai. Nikadhani amesinzia. Nikamwita, akafungua macho nusu, akatamka neno nisilolielewa, ulimi mzito kama wa mlevi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Theluji iliyoyeyuka ndani ya karai ilikuwa imemlowesha suruali yote, na wala hakuwa akitetemeka. Niliogopa, mwanangu. Mimi niliyeshinda wiki nzima nikipima joto la wagonjwa, mtoto alikuwa akipoa nyuma yangu na sikujua.

Nikaliacha karai palepale, nikambeba, nikakimbia. Barabara ilikuwa barafu tupu. Nilianguka mara mbili, mara ya pili kwa kiwiko ili yeye asiguse chini. Nduku angerudi saa kumi, na sikujua kama ningemkabidhi mtoto aliye hai.

Jirani yetu alikuwa Bibi Surjit, mama mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu, aliyetutangulia huku na kuijua baridi hii. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kwa baba yake. Alinikuta mlangoni nikihangaika na ufunguo, nikamwambia nataka maji ya moto nimtumbukize mtoto.

"Maji moto hapana," akasema. "Taumiza yeye. Lete hapa."

Akanituma mbio kwenye simu ya kona nimwite daktari. Niliporudi alikuwa amemvua nguo zote zilizolowa, amemkausha taratibu, amemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, na kujifunika naye blanketi. Tulikaa hivyo, mimi nikiomba Mungu kimoyomoyo. Daktari alifika Syombua akiwa ameanza kutetemeka, dalili kwamba mwili unaanza kupata joto. Akampima, akasema abaki hapo hapo alipo. Muda mfupi baadaye mtoto akaangua kilio, na mimi nikalia naye.

Alipotulia, Bibi Surjit akanigeukia. "Wewe navuta, wewe nasikia joto. Yeye nakaa tu. Kwa nini napima baridi yake na mwili yako? Alisema baridi?"

Nikamjibu kwamba alisema.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akasema, "Basi mama yake taambia wewe mwenyewe. Yote. Hata hiyo mbili."

Nilimwambia Nduku yote. Hakunitukana. Alimshika mtoto vidole vya miguu, kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Alikwambia, ukamwambia ajikaze?" Tuliishi nyumba ile miaka miwili zaidi, tukafuzu pamoja, na siku ya harusi yangu alisimama kando yangu. Lakini Nduku hakuniachia Syombua tena, hata kwa dakika za kwenda dukani. Simlaumu, ila ilinichoma, na bado inanichoma.

Kwa hiyo sikukatazi, watoe wakacheze. Ila anayekimbia na anayevutwa si mamoja. Huyo wa kukaa mshushe aruke na wenzake. Glavu zikilowa, mchezo umekwisha, hata wakinuna. Usimpime kwa joto lako, tia mkono chini ya skafu yake umguse shingo. Wakikwambia wanasikia baridi, hata kwa hicho Kiingereza chao, rudi mara ya kwanza. Anayelalamika bado ana nguvu. Akinyamaza usimsifu, acha kila kitu umbebe.

Haya, nenda nao. Mungu akupe masikio mepesi kuliko yangu, na wanao awarudishe mlangoni hapa wakipiga kelele.