Ua Nililompelekea Mzee Magesa

Wiki iliyopita nilijiaibisha mbele ya baba mkwe mtarajiwa, na ushairi ndio ulioniponza.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, mzaliwa wa Dodoma. Ziwa nimeliona juzijuzi tu nilipohamishiwa Mwanza. Darasani nafundisha washairi wa kale wa Ulaya, wale waliopeleka huzuni zao kwenye maziwa na maua. Sasa kila nikienda Ilemela kumwona mchumba wangu Veneranda, namkuta baba yake, Mzee Magesa, juu ya jiwe, ameshika tama, analitazama ziwa. Chini yake ghuba nzima imechanua zambarau, na mtumbwi umelala katikati ya maua kama mtoto kitandani. Nikasema moyoni, huyu ni mshairi mwenzangu!

Jumapili nikaingia majini na suruali yangu ya kanisani, nikang'oa ua moja na mizizi yake, nikampelekea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikapiga goti na kughani shairi langu: "Ewe ua la ziwani, zidi kuchanua, uifunike ghuba yote!"

Veneranda akajifunika uso kwa kanga.

"Mwalimu," mzee akasema taratibu, "hayo ni magugu maji. Mtumbwi ule ni wangu, umekwama humo. Watu wa kiwanda cha minofu wanadai sangara, nami siwezi hata kutega wavu."

Nilitamani jiwe lile linimeze. Mzee akaligeuza ua mkononi, kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu angalau ameng'oa moja. Mwambie kesho aje na panga."