Binti wa Mfalme Alipochinjwa Kiriba

Kamera za video zilipoanza kuingia Musoma, nami nikajiita dairekta. Nilichukua tamthilia ya kale ya Wagiriki, mfalme anamchinja binti yake, nikaihamishia kwetu Kiriba. Niliwaambia wachezaji dairekta hana machozi. Damu ya ng'ombe tulipewa buchani Iringo, ikatosha kurekodi mara moja tu. Kamera nilishika mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada, kanisa zima likakaa mbele ya televisheni kutazama filamu yetu. Mfalme akainua kisu. Halafu kamera ikainama, tukaona kandambili zangu, dakika nzima, na sauti yangu inalia: "Muache mtoto wa watu, baba, nakuomba."

Mama Nyamisi, ambaye bintiye ndiye aliyechinjwa, akanigeukia taratibu.

"Dairekta, ndiyo maana kwenu anayechinjaga kuku ni dada yako."